Bidoni Mbili za Buluu

Dodoma, Tanzania

Mama yangu mupenzi,

Yambo sana, na Yezu akulinde pale mutaa wa Mapendo. Magoti inaendelea aje? Na mimba ya dada Furaha? Miye niko muzima. Lakini mbele ya yote: usikunywe maji ya zile bidoni mbili za buluu, zile madumu nilikutumia. Weka kikombe chini kwanza, kisha soma.

Rezo ya telefone yenu inakataa siku sita sasa, njo maana namupatia barua Muzee Kambale, ule shofere wa kamyo mwenye alikuletea bidoni.

Unajua natumika mu shamba ya zabibu za divai. Huu mwaka wakulima wa huku wote wamejiunga, wanatafuta cheti ya kuonyesha kama hawaharibu udongo na maji. Mumoja akianguka, wote wameanguka. Njo patron, mwenye shamba, akatuambia bidoni zote zenye zilibeba dawa ya wadudu zitobolewe, mutu asizitumie tena.

Eh mama, roho iliniuma! Bidoni nzima, kifuniko inafunga vizuri, wanaipiga musumari! Nikakuwaza wewe na zile zako za manjano zenye zinavuja, unatoka nazo ku ziwa mugongo umepinda. Nikaficha mbili. Nikaziosha na sabuni mara tatu mupaka harufu ikatoka, nikamupatia Muzee Kambale. Nilijisikia mutoto muzuri, kweli.

Juzi mama mumoja wa kontrole, wenye wanakagua shamba juu ya cheti, alikuja. Akahesabu bidoni, akaangalia kitabu, akahesabu tena.

"Mbili hazipo," akasema. "Sitafuti mwizi. Nataka kujua ndani yake kuna nini sasa."

Patron akasema labda zilichomwa. Miye nilikuwa naangalia viatu vyangu. Kisha nikasema: "Maji. Maji ya mama yangu."

Akaacha kuandika. Hakunigombeza, na hiyo njo iliniogopesha. Akanieleza kama ile dawa inaingia mu plastiki yenyewe, sabuni haiitoe, kisha inarudi mu maji kidogo kidogo. Akauliza nani anakunywa. Nikakumbuka sauti yako mu telefone: "Furaha hataki maji ya bidoni ingine, ni ya ile ya buluu tu, anasema iko tamu." Na ile siku ya mwisho, ukicheka: "Anatapika kila asubuhi, huyu mutoto wa ndani ya tumbo ni mukorofi." Nami nilicheka, mama.

Huku cheti imekwama na wakulima hawanisalimie. Hiyo ni mambo yangu, usiihangaikie.

Mwaga maji yote, mbali na mboga zako za lengalenga. Toboa bidoni zote mbili. Usiziuzishe, usimupatie mutu, hata akikulomba namna gani. Nyuma ya hii karatasi niliandika jina ya dawa. Mupeleke Furaha ku hospitali leo, daktari aisome.

Munisalimie Furaha, dada yangu. Munisalimie jirani Mama Riziki, mwenye aliazima bidoni moja juu ya ubatizo, pamoja na watoto wake wote wane. Munisalimie wanakwaya wenye walikuja kunywa kwako kisha misa. Kila mutu mwenye alikunywa, mama, umusalimie kwa jina, na umuulize anajisikia aje.

Miye mutoto wako Bahati, mwenye alitaka tu kukusaidia.