Hatua za Fidelma

Ballymote, 9 Januari 1994

Mdogo wangu Attracta,

Natumaini goti limepunguza maumivu na kile kikohozi cha Krismasi kimekwisha. Sisi huku tunalala na kuamka. Hiyo ndiyo hali yetu tangu tumzike mwanangu Fidelma mwezi wa Oktoba.

Jana mjukuu wetu Ríona alirudi kutoka kwenye shule yako ya dansi ya Kiayalandi. Nilikuwa namfungulia kamba za viatu, kama nilivyomfungulia mama yake, akaniambia, "Bibi, hatua zangu amepewa Orla."

Fidelma alimtungia Ríona hatua zile akiwa kitandani, anagonga vidole kwenye trei ya dawa, ili mtoto azicheze kwenye mashindano ya Pasaka. Ulikuwepo. Uliishika trei isiteleze. Nieleze, maana mimi sielewi.

Dada yako,
Nuala

Sligo, 13 Januari

Dada Nuala,

Salamu zimefika. Goti liko vilevile.

Usinifanye mchawi. Wiki sita sasa Ríona anasimama darasani kama ng'ombe kwenye mvua. Nimembembeleza, nimemkaripia, nimempa biskuti. Pasaka haimsubiri mtu, na Orla ana miguu. Fidelma alikuwa mwalimu shuleni kwangu, na alichotunga mwalimu ni cha shule. Ndivyo ilivyo kila mahali, nawe unajua. Nami nimefiwa, ila mimi nina watoto arobaini wanaonisubiri mlangoni.

Mdogo wako,
Attracta

Ballymote, 16 Januari

Attracta,

Leo sikuulizi goti.

Mtoto wa miaka kumi amemzika mama yake, unamwita ng'ombe. Namtoa. Atakwenda kwa Tansey kule Boyle, huyo unayesema anafundisha watu kuponda viazi kwa miguu.

Nuala

Sligo, 18 Januari

Nuala,

Mpeleke. Akihama shule hashindani miezi sita, kanuni unaijua. Na akicheza hata hatua moja ya kwetu kwa huyo mponda viazi, nitashtaki kwa waamuzi.

Attracta

Ballymote, 5 Aprili

Attracta,

Hukutuona, lakini tulikuja kwenye mashindano. Ríona ndiye aliyetaka. Tulikaa nyuma kabisa, karibu na meza ya chai.

Orla alitoka na wigi lake la mashindano na namba kiunoni, mikono imenyooka ubavuni. Alicheza vizuri, sitamnyima haki yake. Mzunguko wa pili, kabla ya kugeuka kushoto, akaruka kidogo kama anayekwepa kitu. Mama mmoja mbele yetu akasema, "Ona madoido hayo." Ríona akanishika mkono. "Bibi, anaruka jiwe letu."

Jiwe la sakafu ya jikoni kwetu, Attracta. Lile lililopasuka mbele ya jiko, ambalo baba alikuwa akisema atalitengeneza kesho mpaka akafa. Fidelma alijifunzia hapo, akaliruka hadi mguu ukazoea. Wewe uliliruka kabla yake. Kovu lako la kidevuni ni la siku uliyosahau kuliruka. Leo mtoto wa watu analiruka bila kujua, na anayelijua umemkataza.

Kikombe cha ushindi umekipata. Kiweke mahali pakavu.

Nuala

Sligo, 8 Aprili

Dada Nuala,

Afya yako naogopa kuiuliza.

Miezi mitatu nilimkaripia Orla kwa mruko ule, "juu zaidi, juu zaidi," wala sikujiuliza tunaruka nini. Siku ile ya trei, Fidelma alipofika kwenye mruko huo alinitazama akacheka. Nilidhani ni dawa zinamchekesha.

Nimemwandikia Tansey kwamba hatua zile ni za Ríona, popote atakapocheza. Orla nimemweleza mwenyewe. Alilia, na aliyemliza ni mimi. Niruhusu nije Jumapili.

Mdogo wako,
Attracta

Ballymote, 11 Aprili

Attracta,

Barua imefika, na sisi ni wazima. Ríona aliisoma mara mbili, akavaa viatu vyake, akaingia jikoni akacheza hatua zote mwanzo hadi mwisho. Ni mara ya kwanza tangu Oktoba. Vikombe vilitikisika kabatini, nikaviacha vitikisike.

Jumapili hii usije. Bado nina hasira, na sitaki kukumiminia chai nikiwa nayo. Ikipungua nitakuandikia.

Siku utakayoingia, angalia miguu yako. Jiwe liko palepale.

Dada yako,
Nuala