Udongo Haupikwi

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua ya kwanza juzi, na leo habari. Sakafu ya wodi mpya ya wazazi imeinuka. Imeinuka! Upande wa shimo namba tatu, tulikochukua udongo wa kupima. Mlango haufungi, na ukutani kuna ufa unaoingia kidole. Vitanda vilikuwa viingizwe wiki ijayo.

Injinia katukusanya maabara. Anasema udongo wa pale ni mfinyanzi, ule unaovimba ukinywa maji, na sisi tuliandika ni tope tu, udongo usio na makuu. Akauliza nani alileta mfuko wa udongo wa shimo la tatu.

Mzee Sepetu akanyoosha mkono. Ndiye mchimba mashimo wetu, miaka kumi na tisa na bado kibarua. Angeleta nani mwingine?

Basi alichanganya mifuko njiani, akasema Injinia. Wote wakaitikia kwa kichwa. Na mimi nikaitikia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Hakuchanganya. Nimeandika, basi. Humu hakuna wa kusoma.

Ilikuwa Aprili. Mvua wiki nzima, udongo haukauki. Udongo wa kupima mnato unaanikwa kivulini, polepole, siku mbili tatu. Ukiutia kwenye tanuri unaua mnato wake, halafu unakudanganya. Hili nalijua kama jina langu. Kila mwaka nawaimbia wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi: "Udongo si maharage, haupikwi!" Mpaka wakanibandika jina, Mama Haupikwi.

Nami ule wa shimo la tatu nikaupika. Ijumaa jioni, moto juu kabisa. Jumamosi asubuhi nikautoa, nikaulowesha, nikauviringisha kwa kiganja juu ya kioo. Mfinyanzi huwa unakubali — unakuwa uzi mwembamba, milimita tatu, na bado haukatiki. Tope linakatika mapema. Huu ukakatika mapema. Nikafurahi! Nikaandika "tope, mnato mdogo". Penye "namna ya kukausha" nikaandika "kivulini".

Na sababu? Laiti ningekuwa na mgonjwa nyumbani! Nilikuwa nawahi kusuka nywele.

Leo nimelitoa faili. Mwandiko wangu mzuri, wa kujivunia. Nimelirudisha haraka kama mwizi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Saluni kwa mdogo wangu. Kiti kilekile. Sikutulia, akanipiga kichwani kwa kitana: dada, kaa, au nikusuke upogo? Nikamweleza. Si yote — nusu.

Akacheka mpaka akaangusha pini. "Kwa hiyo hiki kichwa ndicho kimepasua wodi?"

Kisha akashusha sauti. Ninyamaze, akasema. Nina kazi ya kudumu, nina watoto shuleni. Yule kibarua, na mikono yake ile, atapata shimo jingine la kuchimba. Mashimo hayaishi duniani.

Nilipata nafuu. Hilo ndilo linaloniumiza. Kwa dakika nzima, nikijitazama kwenye kioo, nilipata nafuu kwa maneno yale. Halafu nikakumbuka mikono ya Mzee Sepetu — mwaka ule nilipougua mgongo, ndiyo iliyonibebea kila mfuko ghorofani, hakuna aliyemtuma. Nimetoka na kichwa nusu kimesukwa. Nimefunga kitambaa. Watu wakadhani nina msiba.

Jumatatu, 14 Oktoba

Injinia kanipa karatasi. Niweke saini kwamba mfuko wa Aprili ulinifikia umefunguka. Ikisainiwa, Mzee anaondolewa kazini kesho. Nikasema nitaisoma kwanza. Nitaisoma! Mistari minne. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa Mzee alichimba upya palepale. Udongo unakauka kivulini. Kesho naupima.

Jumanne, 15 Oktoba

Saa nne na nusu. Nipo kwenye meza yangu, kioo kipo kando ya daftari.

Nimeuviringisha ule udongo mpya mbele ya Injinia. Ukafika milimita tatu, haukukatika. Nikaukusanya, nikaviringisha tena. Haukukatika. Ule weusi wake unang'aa kama umepakwa mafuta. Mfinyanzi, mnato mkubwa, mtoto mdogo angeujua. Injinia akasema, "Si mnaona? Mifuko ilichanganywa." Akaingia ofisini kwake, akaacha mlango wazi. Karatasi ile ipo chini ya kiwiko changu.

Mzee Sepetu yupo kwenye benchi, hatua tatu kutoka hapa. Kaja na viatu safi. Sijawahi kumwona na viatu safi. Nikamwambia: pole, Mzee.

Akainamia upande wangu. Kisha polepole, ili ofisini wasisikie:

"Ile Jumamosi ya Aprili nilikusaidia kulibeba lile sinia la udongo, dada. Lilikuwa la moto."

Nilisahau. Kweli nilisahau! Alilishika kwa kofia yake. Nilimtania hata: Mzee, mikono ya sepetu nayo inaogopa joto?

"Kumbe unajua," nikasema. "Tangu Jumatano unajua."

"Tangu Aprili."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye fundi wa udongo. Ningesema mimi, nani angeamini? Nikaona nikuache useme mwenyewe." Akafuta goti la suruali, halikuwa na kitu. "Na mke wa mwanangu atajifungulia pale."

Mficha uchi hazai. Mwenyewe napenda kuwaambia hivyo wanafunzi wasiouliza maswali. Sikuwa na pa kuuweka uso. Nikashika kalamu, angalau mkono uwe na kazi, na ndiyo haya naandika. Akidhani najaza fomu, anasubiri kwa adabu.

Nitasema. Mlango upo wazi, ni hatua kumi tu. "Injinia, niliupika." Maneno mawili. Nimeyaandika hapa, yanaandikika. Basi hata kutamkika yatatamkika.

Uzi upo kwenye kioo, mzima.

Sasa Injinia anaita. Hakuniita mimi — ameita "Mzee!" Mzee Sepetu anakunja kofia, anaitia mfukoni. Ananiangalia. Ameshainuka.

Nami bado naandika