Nimekwama Nje ya Geti Langu, Mkwe Wangu Ameingia na Mjukuu

Mshauri wetu wa gazeti, nakusalimu wewe na huyo anayekufungulia bahasha. Naomba msaada, na kabla hujacheka ujue kwamba mimi si mtu wa kuomba msaada, uliza mtaa wowote wa mji huu, watu ndio huja kwangu, kwa sababu mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na yale mageti unayoyaona ukipita, yale yanayofunga kwa sauti moja tu, kop, bila kulialia, hayo ni yangu, shule sikukaa sana lakini chuma kinanijua. Sijaandikiwa na mtu, kalamu nimeshika mwenyewe, kwa hiyo maneno yakigongana wewe yaamue.

Tatizo langu ni mzee mmoja. Huyu mzee ni mkwe wangu, mwanawe wa kiume kamuoa binti yangu, na wamejaliwa mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza, sasa anakaa bila kushikwa na ana meno mawili ya chini. Mkwe wangu alikuwa karani wa posta, kazi yake ya maisha yote ni kugonga mihuri, ndiyo maana mimi humwita Mzee Stempu, naye hucheka tu, hata kukasirika hajui, ana tumbo la mtu wa kukaa kitini na viatu laini vya mtu asiyewahi kudondokewa na kitu kizito. Basi huyu Stempu, tangu mjukuu akaze shingo, amemgeuza mtalii. Leo kampeleka maktaba, eti kuna kona ya watoto wachanga yenye mazulia na wanasomewa hadithi, mtoto ambaye hajui hata sikio lake liko wapi! Kesho kampandisha daraja la stesheni kuangalia treni zikipita chini. Keshokutwa makumbusho, asubuhi kabla watu hawajajaa, wakaangalie mifupa ya nyangumi. Na bustani ya mji ndiyo usiseme, kwenye bwawa la bata wamekuwa wenyeji. Anambeba kwenye mbeleko ya kifuani yenye mikanda, mwanamume mzima, mvi kichwani, na haoni haya.

Halafu picha. Kila wakitoka picha zinaingia kwenye kundi la familia la simu, na mke wangu huzisoma kwa sauti makusudi nisikie, "Leo tumeona bata, tumecheka sana." Tumecheka, yeye na nani? Mimi nilikuwa nyumbani na sikucheka.

Mimi nikienda kumwona mjukuu wangu namrusha juu kama babu anavyotakiwa, namwambia kwa sauti ya kiume, sema babu! Sema babu! naye anakunja uso kama kaonja ndimu, analia mpaka anaishiwa pumzi, kisha Stempu ananyoosha mikono tu, hata neno hasemi, na mtoto anamrukia mzima mzima. Siku moja akathubutu kunifundisha. "Hapendi kuinuliwa ghafla, mkwe," akasema. "Yeye huanza na viatu. Mwache akutazame viatu kwanza, atapanda mwenyewe mpaka usoni."

Nikamwambia, mimi sikuja hapa kutazamwa viatu.

Mke wangu tukiwa njiani akaniambia, "Mume wangu, utakufa na wivu, tena wivu wenyewe wa mtoto asiyeweza kujipangusa pua."

Sasa, mshauri, mimi si mtu wa kukaa na donge. Nikaingia karakana nikatengeneza kigari cha mtoto, na sikwambii kwa majivuno, nakwambia kwa sababu ni kweli, kigari kama kile hakijawahi kuonekana. Fremu ya mabomba ya maji, sakafu ya bati zito, ubavuni nondo nimezisokota zikawa maua yale yale ninayowawekea matajiri, magurudumu ya toroli, rangi ya fedha, na komeo. Ndiyo, komeo, mtoto ni mali. Binti yangu alipokiona alishika kichwa, akasema, "Baba, hiki ni kigari au ni gari la kubebea hela za benki?" Nikajua amekipenda.

Jumamosi tukatoka wote kwenda bustani, binti yangu, Stempu na mbeleko yake tupu kifuani, na mimi nasukuma. Kigari kilinguruma barabarani mpaka watu wakafungua madirisha, nikajisikia vizuri sana, ingawa mtoto alilia tangu mlangoni, nadhani ni ule mtetemo, lakini chuma ndivyo kilivyo, kinakuzoea.

Tukafika getini. Na hapo ndipo aibu ilipokuwa imekaa inanisubiri. Geti lile la bustani nililitengeneza mimi, zamani kidogo, pikipiki zilipokuwa zinakatiza kwenye nyasi na kusumbua watu, wakubwa wa bustani wakaniita, nikawawekea geti la kupinda, unasukuma mlango, unaingia ubavu, unageuka kwenye kizimba chembamba, unatokea upande wa pili, pikipiki haipiti, mkokoteni haupiti, nikamwambia mlinzi siku ile, hapa hata upepo utaomba ruhusa. Kulipita mwenyewe na mtoto sijawahi. Basi nikasukuma kigari, kikaingia nusu, kikakwama. Nikakivuta, hakirudi. Maua yangu yamenasa kwenye nondo zangu.

Mlinzi ni yule yule. Akaweka kikombe chake chini, akaja akainama, akasema, "Mzee, huu si ndio ule upepo? Mbona hauombi ruhusa?"

"Geti hili litapitika," nikamwambia. "Nalijua, nimelizaa mimi."

"Ulilizaa na kiuno chembamba, mzee wangu."

Nyuma yetu kina mama wamejipanga na vigari vyao, mmoja anasema kila siku inabidi akikunje kigari chake kwanza na mtoto amshikilie kwapani, ni nani huyu mtu mwenye roho ngumu aliyetengeneza geti hili. Nikanyamaza. Binti yangu akasema, "Baba, fungua komeo, jua linamchoma mtoto." Na mimi nikabisha, nikasema mtoto hatoki mpaka chuma kipite. Ndipo Stempu akapitisha mkono wake laini kwenye komeo langu, akamtoa mjukuu wangu, akamweka kwenye mbeleko, mlinzi akaking'oa kigari kwa nguvu kikarudi nje, Stempu akavuta tumbo ndani, akapita ubavu, akamwambia, "Twende tukawaone wenzako," na mtoto, mshauri, mtoto aliyelia njia nzima akanyamaza kimya.

Binti yangu akamfuata. Mimi nikabaki nje na kigari, ningekiachaje, wanunuzi wa vyuma chakavu hawalali. Nikawa nachungulia kati ya nondo zangu mwenyewe kama mahabusu. Wamekaa kwenye nyasi, bata wamekuja, na mara naona mjukuu wangu anagonganisha vile viganja vyake, anapiga makofi, mara ya kwanza tangu azaliwe, binti yangu anapiga yowe, na yule Stempu ananipungia mkono, "Mkwe! Mkwe, njoo uone!" Angenicheka ningemsamehe. Lakini aliniita kwa moyo kabisa, na hilo ndilo siwezi kulimeza.

Sasa mwezi ujao binti yangu anarudi kazini, na amekwisha panga kwamba asubuhi zote mtoto atatembezwa na Stempu. "Wewe Baba utakuja kumwona jioni," ananiambia. Jioni mtoto amelala! Nitamwona mjukuu wangu kama maiti anavyoagwa?

Basi sikiliza. Msimamizi wa bustani amenipigia simu juzi, anataka nikalitazame lile geti kwa sababu kina mama wamelalamika, anasema nilipanue. Na mimi nimewaza. Nikilipanua nimekiri mbele ya mji mzima kwamba nilikosea, na nimemfungulia Stempu njia aingie kama bwana harusi. Lakini nikilipunguza vidole viwili tu, vidole viwili mshauri, lile tumbo halitapita hata avute pumzi vipi, na msimamizi nitamwambia ni usalama. Mimi nitapita, mimi ni mwembamba kama ufito, nimefanya kazi maisha yangu yote. Mashine ninayo, nondo ninazo. Mke wangu anasema nimerukwa na akili, mimi nasema hii ni kazi ya kawaida. Niambie kama nimekosea, lakini ujue sikosei mara nyingi.

Ni mimi, Fundi Mageti, asiye na mpinzani.

*

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu Fundi Mageti, nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka, nikaisoma mara ya pili nikaacha kucheka. Kubaki nje huku damu yako inapiga makofi ndani kunauma, na asikwambie mtu kwamba wivu una umri wa kustaafu. Kwa hilo nakupa pole ya dhati. Pole imeishia hapo.

Vidole viwili? Mzee mzima, unataka kutumia ufundi wako kupima tumbo la mkweo? Na umewaza kwamba huyo mwenye tumbo huwa kabeba nani kifuani? Siku akinasa kwenye kizimba chako, anayenasa naye ni mjukuu wako. Hata hilo hukuliona, kwa sababu macho yako yako kwa Stempu tangu mstari wa kwanza.

Tazama barua yako mwenyewe. Umenieleza mabomba ya fremu, bati la sakafuni, rangi, magurudumu, mpaka komeo. Kuhusu mtoto umenieleza meno mawili na kilio. Yote mengine ninayoyajua kuhusu mjukuu wako nimeyajua kwa kinywa cha mkweo: kwamba hapendi kuinuliwa ghafla, kwamba huanza kumtazama mtu viatuni. Huyo mzee hakukuibia mtoto. Amekaa naye akamsoma taratibu, kama wewe unavyokitazama chuma kabla ya kukiwasha moto. Je, wewe huwa unakipigia chuma kelele, "Sema geti! Sema geti!"?

Na alipokuita uje uone makofi, alikuwa anakugawia. Ulichukia kugawiwa kwa sababu ulitaka kuwa na wako peke yako. Mtoto si komeo, Mzee, hana ufunguo mmoja.

Binti yako naye nitamsema kidogo, asome hapa: mwanangu, babu hapangiwi jioni kama kidonge cha kupata usingizi. Mpe baba yako asubuhi moja ya wiki iwe yake, lakini aanze kwa kwenda pamoja na mkwe wake mpaka mtoto amzoee.

Sasa, Mzee, fanya hivi, na usinibishie. Mpigie msimamizi leo, mwambie unakuja kulipanua. Usilipime kwa macho wala kwa majivuno. Waombe wale kina mama walete vigari vyao, kikubwa kuliko vyote ndicho kiwe kipimo chako, na tepu ya kupimia upande wa pili ashike mkweo. Pikipiki utajua mwenyewe jinsi ya kuzizuia, wewe si huna mpinzani? Mama akiuliza tena ni nani aliyetengeneza geti lile, safari hii usinyamaze. Sema ni mimi, na nimekuja kulirekebisha. Utashangaa jinsi watu wanavyomheshimu fundi anayerudi kwenye kazi yake.

Kile kigari kichomelee miguu, ung'oe magurudumu, uwaombe wakubwa wa bustani kikae kando ya bwawa kama benchi. Maua ya nondo yatapendeza hapo, na hakitamtetemesha mtu. Komeo toa.

Siku ya kwenda, vaa viatu visafi. Kaa chini kwenye nyasi, si kwenye benchi, chini kabisa, hata magoti yakilalamika. Usiseme kitu. Mtoto ataanza na viatu, atapanda magotini, atafika kwenye mikono yako yenye makovu ya cheche, atakaa hapo muda mrefu kwa sababu mikono ya namna hiyo hajawahi kuiona kwa karani. Akifika usoni akalia, usimnyakue, wala usiseme umedharauliwa. Mwache arudi kwa mwenzako, kisha mwache aanze tena viatuni. Na mkweo akikupa ile mbeleko, ivae. Fundi anayevaa miwani myeusi na glovu za ngozi hawezi kuona haya kwa mikanda miwili ya kitambaa.

Jambo la mwisho. Najua desturi ya mafundi: geti likikamilika, wengine hupita kwanza, fundi hubaki nyuma alifunge asikilize kama linalia. Fanya hivyo hivyo. Wapite kina mama na vigari vyao, apite binti yako, apite Mzee Stempu na tumbo lake na mtoto kifuani. Kisha lifunge, usikie ile kop yako unayoisifia. Ila safari hii lifunge ukiwa upande wa ndani.