Ushahidi wa Marehemu Mama Zaina

Kasongo, Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, imekatika saa sita. Viatu vimelowa na mistari inakwenda upande, kwa hiyo wewe kaye yangu, daftari langu, unisamehe mwandiko. Wewe unajua kwamba kwa kawaida ninaandika vizuri.

Leo nimemtafsiria maiti.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia kwa maiti hata mimi mwenyewe nitapotea. Mwezi uliopita Bwana Mukubwa, mzungu anayetawala teritwari, yaani wilaya yetu, alileta mswada wa sheria: matanga yasizidi siku mbili. Hapa kwetu tunakaa siku nne, na Bwana wa Pamba, mzungu anayesimamia mashamba, analalamika kwamba kila mtu akifa, pamba yake inamezwa na magugu. Lakini mswada hauwi sheria hivihivi. Lazima komisio ikae kwanza, isikie wajuzi wa desturi, ndipo ikate shauri. Katika komisio wako watatu: Bwana Mukubwa, Bwana wa Pamba, na shehe mmoja wa hapa mjini, mzee mpole anayesinzia mpaka asikie habari ya chakula. Mimi ndimi karani mkalimani. Ninakaa katikati, kila neno linapita kinywani mwangu, na siku zote nimejivunia kazi hiyo kupita kiasi.

Sasa niungame. Kwenye biro, ofisini kwetu, kuna kitabu cha konje, yaani ruhusa za kutokuja kazini. Ndani yake mna siku za kuugua na siku za kuzika. Siku za kwenda kumtazama mama yako akiwa mzima hazimo. Nilipekua kurasa zote, hata zile za nyuma zilizoliwa na mchwa. Hazimo.

Kwa hiyo, mwezi wa kuvuna mpunga, nilimuua Mama Zaina.

Mama Zaina ni mdogo wake mama aliyenizaa. Mama aliyenizaa alikufa nikiwa natambaa, na huyu ndiye aliyenilea kule Wamaza, kwa hiyo ni mama, hakuna neno lingine. Nilikuwa sijamwona miaka miwili. Nikaandika barua: mama yangu Zaina wa Wamaza amefariki, naomba siku nne. Nikapewa, na pole juu yake. Nikafika kwake, akanichinjia jogoo, nikala wali na sombe ya majani ya muhogo siku nne mfululizo na mchana nikilala. Niliporudi nilikuwa nimenenepa. Bwana Mukubwa akanitazama kwa huruma, akasema huzuni imenivimbisha uso.

Nilidhani mambo yameishia hapo.

Leo asubuhi komisio imekaa barazani pa biro. Chifu wa upande wa Wamaza aliombwa kumleta mjuzi wa matanga. Akajibu kwa barua fupi kwamba yeye anaumwa mgongo, lakini anamtuma mwanamke anayeongoza vilio, hakuna anayejua matanga kumshinda. Jina hakuandika. Nami sikujiuliza, na huo ndio ujinga wangu, kwa sababu ni nani anayeongoza vilio Wamaza kama si mama yangu?

Akaingia na kitambaa chake cha manjano na kikapu cha karanga. Akaniona. Akatabasamu mpaka mwisho wa meno.

Nikainamisha uso kwenye karatasi zangu.

Mama anajua Kiswahili kama mimi, lakini mbele ya serikali anasema Kibangubangu tu. Kiswahili, kwake, ni cha sokoni. Akasimama akasema, “Mimi ndiye mwanamke wa vilio wa Wamaza, na huyu anayenitafsiria ni mutoto wangu.” Nikageuka kwa mabwana, nikasema kwa Kifaransa, “Shahidi anasalimu komisio.” Kusema kweli sijawahi kufupisha maneno ya mtu namna ile. Karani mwenzangu Amisi, ambaye ni Mubangubangu wa Kabambare na anakitamani kiti changu tangu alipofika, akaacha kuandika. Akanitazama, halafu akamtazama mama, halafu akaanza kusafisha kalamu yake polepole kwa furaha.

Bwana Mukubwa akafungua kitabu cha konje ili atoe mfano. Mfano wenyewe nikawa mimi.

“Karani wetu,” akasema, “mwaka huu amezika mama watatu.” Shehe akatikisa kichwa kwa masikitiko, maana kwake jambo hilo halina ajabu. Bwana wa Pamba akataka shahidi aulizwe mtu mmoja anaweza kuwa na mama wangapi. Nikatafsiri. Mama akahesabu kwa vidole, akasema mimi nilikuwa na saba bila aliyenizaa, wamebaki watano. Bwana Mukubwa akatoa watatu katika saba, akapata wanne, akarudia tena, akakunja uso.

Hapo Amisi akainua mkono kwa heshima zake zote. “Samahani, Bwana. Jina la shahidi halijaandikwa.”

Nikamuuliza mama jina. Ningefanyaje? Akalitaja kwa sauti ya kuongoza vilio, na jina la mtu halihitaji mkalimani. Kidole cha Bwana Mukubwa kikateremka kwenye ukurasa, kikasimama. Akamtazama mama. Akatazama kitabu. Akaniambia nimuulize shahidi kama yeye ndiye Zaina wa Wamaza aliyefariki mwezi wa kuvuna mpunga.

Niliona njia mbili. Ya kwanza ni kumuuliza mama habari ya karanga na kujitungia jibu, lakini Amisi alikuwa amekaa pale, masikio wazi. Ya pili ni kusema ukweli wote. Nikachagua ya pili, nikasema kwa lugha yetu, “Mama, kwenye kitabu chao imeandikwa kwamba ulikufa. Mimi ndiye niliyewaambia. Nikikamatwa leo, kesho sina kazi.”

Mama akanitazama kama zamani, siku aliponikuta nyuma ya jiko na mdomo umejaa mbegu za karanga alizoziweka za kupanda. Akatia karanga moja kinywani, akaitafuna mpaka shehe akaamka. Kisha mama akawageukia mabwana.

“Waambie ni kweli,” akasema. “Nilikufa.”

Nikatafsiri.

“Siku ya kwanza watu walilia, sikusikia kitu. Siku ya pili walilia, sikusikia kitu. Siku ya tatu nikasikia mbali, kama mutu anatwanga kwa jirani. Siku ya ine nikaamuka, nikaomba uji. Sasa hawa mabwana wanataka siku mbili. Siku mbili watu wangezima moto na kurudi kwao, na mimi ningebaki kule. Nani angenipa uji?”

Nimetafsiri neno kwa neno. Katika miaka yangu yote ya biro sijatafsiri kwa uaminifu kama leo. 

Shehe akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakicheza, na kutoka nyuma ya kofia akasema mambo ya namna hiyo yanawezekana, Mungu hashindwi. Bwana wa Pamba akawa mwekundu, akasema kwamba ni uongo mtupu.  Bwana Mukubwa alimwangalia mama, akaniangalia mimi, midomo ikimcheza. Kwamba alijua, alijua. Lakini shahidi ameitwa na komisio, na neno la shahidi lazima liandikwe. Akamwambia Amisi aandike: shahidi alikufa siku nne, akapona. Amisi, maskini, akaandika kwa mwandiko wake mbaya.

Mswada umeanguka, wawili kwa mmoja: shehe na Bwana Mukubwa mwenyewe wameukataa. Matanga yanabaki siku nne katika teritwari nzima. Wakati wa kutoka Bwana Mukubwa akafunga kitabu cha konje, akaniambia bila kunitazama, “Karani, Jumatatu tutaongea.”

Nikamsindikiza mama mpaka kwenye kamioni ya kurudi Wamaza. Nilikuwa nacheka bado. Nikamwambia ameokoa nchi. Yeye hakucheka. Sasa alisema Kiswahili, cha sokoni, mbele ya watu waliokuwa wanapakia mizigo.

“Ulikuja kwangu, nikakuchinjia jogoo. Nikaambia majirani: muone, mutoto wangu ananikumbuka. Kumbe nilikuwa maiti.”

“Mama, konje ya kutembelea haiko. Iko ya kuzika tu.”

“Nimesikia.” Akaweka kikapu ndani ya kamioni. “Na siku nitakufa kweli utawaambia nini? Mimi nimeisha kuandikwa.”

 Mkalimani wa serikali, lugha nne kichwani, sikupata neno hata katika moja. Akanipa karanga zilizobaki, akaniambia nile, nimekonda, akapanda. Kamioni ikaondoka kabla sijaomba radhi.

Ndiyo maana mwandiko umeharibika, si kwa sababu ya Bwana Mukubwa. Nimekaa hapa na karanga hizi nikifikiria siku ile nyingine, ya kweli. Habari itafika kutoka Wamaza, nami nitasimama mbele ya kitabu, na kitabu kitasema Zaina nilishamlilia, siku nne, na pole nilipewa. Watamzika wengine. Watalia wengine, wakiongozwa na nani sijui, na mimi nitakuwa hapa nanakili barua za pamba.

Nimeshaandika barua ya Jumatatu. Nimeiandika mara tatu ili iwe safi. Sitasubiri kuitwa, nitakuwa mlangoni kabla biro haijafunguliwa. Inasema: mimi karani nilisema uongo, siku nne zikatwe katika mshahara au popote mtakapopenda, lakini naomba jina la mama yangu lifutwe kati ya waliokufa.

Wakinifukuza, nitapata konje ndefu ya kumtembelea.