Ukumbi Wako Pale Stendi

Mama yangu mpenzi,

Leo nimekwenda stendi mpya, ile iliyojengwa pale nyumba yetu ilipokuwa. Sikuwa na safari. Tangu ifunguliwe nilikuwa nikizunguka njia ya sokoni ili nisipite hapo, na wenzangu wa ofisini wakinicheka kwamba nimeanza kupenda kutembea. Leo nimejikaza nikaenda. Nikamkuta Kadzo, yule mgeni wako wa ukumbini atokaye kijiji cha Adu, ameketi juu ya gunia lake la korosho, na amenambia jambo lililonifanya nikuandikie. Nitalifikia. Ulipenda habari ianzwe mwanzo wake, basi nianze huko.

Unakumbuka ukumbi wetu? Nyumba ilikuwa ubavuni mwa stendi ya zamani, imepakana na banda la tikiti. Nje wanaume walisimama juani wakabishana juu ya mizigo. Ndani wewe ulitandika mikeka miwili, ukaweka mtungi wa maji na kata yake, ukashusha pazia mlangoni. Mwanamke yeyote aliyengoja basi alikuwa mgeni wako, awe wa Mambrui na buibui lake jipya au wa bara na kuku waliofungwa miguu. Walijipepea, walinyonyesha, waliswali, na waliokuwa wakienda misibani walilia bila kutazamwa. Hukumwuliza mtu aendako mpaka awe ameshakunywa maji.

"Keti mwanangu, nyoosha miguu," ulikuwa ukisema. "Basi likija ntakwita mimi."

Na hukukosea hata siku moja. Ungekuwa jikoni unakuna nazi, ukasikia mngurumo ng'ambo ya soko, ukainua kichwa. "Hilo la Garsen. La Mombasa bado, feri ya Kilifi imewaweka." Mimi kwa ubishi wangu nilitoka kwenda kuhakikisha, nikarudi kimya, na wageni wako wakacheka.

Nilipopata kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya mji, uliwatangazia wote. "Hapana barua itokayo kule isiyopita mikononi mwa mwanangu." Nilijifanya naona haya, kumbe moyoni nimevimba. Wewe mwenyewe ulisoma Kurani vizuri kuliko walimu wangu, na Kiswahili ulikiandika kwa herufi za Kiarabu. Hizi nyengine za Kizungu uliziita herufi za ofisi, ukaniachia mimi.

Ndipo asubuhi moja ya mwezi wa Shaabani karani mkuu akaniwekea mezani karatasi iliyoandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza, niipige taipu. Stendi itapanuliwa. Nyumba zilizo ubavuni zitaondolewa, na wenyewe watapewa viwanja nyuma ya mji. Chini kulikuwa na orodha ya majina. La tatu lilikuwa la marehemu baba.

"Hii ni siri mpaka isainiwe," karani akanambia. "Ikitoka nje, nitajua imetoka kwako."

Nikaipiga, mama. Nililipiga jina la baba bila kukosea hata herufi moja. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mtu angedhani vidole vingetetemeka, lakini havikutetemeka. Vilifanya kazi yake, na karani akanisifu.

Nilijiambia nitakwambia Ijumaa. Ijumaa ikapita. Nikajiambia nitakuwa nimeisaliti ofisi, kazi nitaipoteza, tena huenda mkubwa akakataa kutia sahihi na nikawa nimekutia hofu ya bure. Sababu nilikuwa nazo tele. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wako. Niliogopa kuketi nawe kwenye mkeka ule huku ukizitazama kuta na kujua.

Zilipobaki siku chache Ramadhani iingie, uliniita Jumamosi. "Njoo tupake ukumbi chokaa." Kila mwaka ulimwita fundi kwa kazi hiyo, nami nikashangaa, lakini nikaja. Siku ile wageni uliwaomba wangoje kwa jirani. Tukaikoroga chokaa kwenye pipa, ukatia chumvi ili ishike, ukanipa brashi ya makumbi. Wewe ukuta wa kibla, mimi ukuta wa mlangoni, tumepeana migongo. Chokaa ilitudondokea vichwani mpaka tukafanana na mizuka.

"Ofisini kwema?" uliniuliza.

"Kwema, mama."

Ukapaka. Basi likaingia, ukalitaja jina lake bila kugeuka. Baadaye tena: "Hapana jipya?"

"Hapana jipya, mama."

Tulimaliza kabla ya alasiri. Nikaanza kuosha brashi. Ukazitazama kuta, ukanitazama mimi, ukasema, "Tutie mkono wa pili wa chokaa."

Nilinuna. Nilikuona kama mtu anayempamba bibi harusi ambaye mimi najua harusi yake imevunjika, na kila brashi yako ilinichoma. Bado sikusema. Tukatia mkono wa pili, ukuta mzima, mpaka jua likaingia kwa mlango wa nyuma. Ukaweka brashi chini. "Ofisini hapana kitu kabisa?" Nikasema hapana. Ukanitia mkono kichwani, ukapangusa chokaa kwenye nywele zangu kwa ncha ya leso yako. "Haya," ukasema. "Yatosha."

Baada ya Idi tarishi akaileta ile barua. Uliipokea kwa mikono miwili, ukamkaribisha maji, kisha ukaniletea. "Nisomee."

Nikakusomea kwa Kiswahili barua niliyoipiga mwenyewe. Nilisoma polepole na kusitasita, kana kwamba naiona mara ya kwanza. Ukasikiliza hadi mwisho, ukasema Alhamdulillahi, ukaikunja mara nne.

"Imepigwa vizuri," ukasema. "Herufi zimenyooka. Ni nani alopiga?"

Nikasema sijui.

Kwa kunyamaza kwangu zaidi ya mwezi naweza kujitetea mbele ya mtu. Kwa hilo la sijui siwezi.

Tukahamia nyuma ya mji. Nyumba ilikuwa nzuri, na kisima karibu, na wewe hukulalamika hata mara moja. Lakini siku za mwanzo nilikuona ukikuna nazi, ukainua kichwa, ukangoja, kisha ukainama tena. Kule hakukusikika basi hata moja. Ulifariki kabla stendi haijaezekwa. Siku ya maziko wanawake walikuja kutoka Watamu, kutoka Mambrui, kutoka bara, wengine sikuwajua hata kwa sura, na kila mmoja alinambia vile vile: mama yako alikuwa akiniita basi likija.

Sasa Kadzo. Nilimkuta leo na mkaza mwanawe, msichana mwenye mtoto mchanga. Stendi mpya ni nzuri, mama, sitaki kuisema uwongo. Ina paa refu, ina sakafu ya saruji, masika hakuna tena matope ya kukuvua kiatu. Ina mabenchi pia. Ila yako wazi kote, na yule msichana alikuwa akinyonyesha amegeukia nguzo, jasho lamtoka. Nikavua leso yangu ya juu nikaitanua, nikasimama mbele yake. Wanaume wakanishangaa. Kadzo akacheka, akasema, "Ndiye yeye huyo, mamako mtupu."

Nikamwambia mimi si kama mama. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama na leso mikononi. Barua, chokaa, na lile sijui. Sikuwahi kumwambia mtu. Alinisikiliza akichezea kamba ya gunia.

"Mwanangu," akasema, "mamako alijua."

Nikadhani sikumwelewa.

"Wale wapimaji ardhi wenye minyororo ya kupimia walikuja kunywa maji ukumbini, nami nipo. Mmoja akamwambia, mama, hapa patapita njia ya mabasi. Hata Shaabani ilikuwa haijaandama. Alipokwita mpake, nikamwuliza, chokaa ya nini na nyumba yavunjwa? Akanambia, 'Nataka tuwe wawili tu siku nzima. Neno lamla moyo mwanangu, nami sitaki kumtoa kwa nguvu. Akipata nafasi huenda akasema.'"

Basi lao likaja. Nilimsaidia kupandisha gunia, na msichana akanishukuru kwa ajili ya leso. Niliketi kwenye benchi, nadhani ni pale pale ulipokuwa mtungi, nikalia mbele za watu wote. Hapakuwa na pazia.

Kwa hiyo ulijua. Mkono wa kwanza ulinipa nafasi, sikuichukua. Ukazidisha wa pili, na mkono umeshakuuma, ili unipe nyengine. Na uliponiuliza ni nani aliyepiga taipu, ulikuwa ukinipa ya mwisho. Nilikuwa nikijihesabu mwovu kwa kukuacha uchoke bure. Hukuchoka bure, ulichoka kwa ajili yangu, na hilo ni zito zaidi kubeba.

Nakuandikia nikiwa ofisini. Wenzangu wamekwenda kula. Taipu iko mbele yangu lakini sikuigusa. Naandika kwa mkono, kwa zile herufi zako ulizonifunza, ili usihitaji mtu wa kukusomea. Mkono wangu ni mbaya, mistari inapanda na kushuka. Nisamehe kwa hilo, na kwa lile jengine.

Mola akulaze mahali penye kivuli na maji, nawe uketi, unyooshe miguu, uitwe kwa upole kama ulivyoita wenzio. Kesho nitapeleka mkeka na mtungi kule stendi, nizungumze na msimamizi juu ya ile kona ya nyuma na pazia. Akikataa nitarudi tena keshokutwa.

Ila kabla sijakuaga, kuna swali lako la siku ile ya chokaa. Nalijibu sasa.

Ofisini kuna jipya, mama. Nyumba yetu itavunjwa, wapanue stendi. Barua nimeipiga mimi.

Ni mimi binti yako,
uliyekuwa ukimngoja.