Magari Yaliyoenda Polepole Mbele ya Droni

Jumapili, mjini Wote. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua haitaki kushuka. Sikuenda kanisani. Mama alipiga simu nikamdanganya kwamba kichwa kinaniuma, na sasa kinaniuma kweli.

Siwezi kuacha kuangalia ile video.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni kutazama barabara kutoka juu. Mwenzangu Mutua anarusha droni karibu na shule za msingi, asubuhi watoto wakiingia na jioni wakitoka, kisha mimi nakaa na kompyuta nahesabu. Watoto wangapi wamevuka, magari yanakuja kwa kasi gani, wapi gari na mtoto wamekaribiana. Halafu napanga shule kulingana na hatari, na kamati ya barabara inatumia orodha yangu kuamua matuta ya kupunguza mwendo yawekwe wapi. Safari hii matuta yanatosha shule tatu tu.

Shule moja njia ya Kathonzweni niliiweka ya mwisho. Siku tatu za video, na magari yote pale yalienda polepole, hata malori. Nikaandika "hatari ndogo".

Ijumaa mwalimu mkuu wa hiyo shule alinipigia. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Madam, tumempoteza mtoto wa Gredi ya Tatu. Pikapu, asubuhi, hapo hapo getini. Na nyinyi mlituambia hapa kuko sawa."

Nikasema pole, mwalimu.

Sasa niseme ukweli wote, maana hakuna mwingine atakayeusema.

Nilijua. Madereva walidhani droni yetu ni ya karao, polisi wa barabarani, eti inapima mwendo. Kwenye video wanawashiana taa mchana kweupe, vile huwashiana kila siku polisi wakiwa mbele. Anayetoka anamwonya anayekuja, anayekuja anakanyaga breki, na mimi nahesabu gari lingine la polepole. Zile taa niliziona kwenye video ya siku ya kwanza. Nilimwita Mutua aje aone, tukacheka mpaka chai ikapoa. Halafu nikaendelea kuhesabu. Ripoti ilikuwa imechelewa na nilitaka kumaliza.

Kuna mtoto mmoja kwenye hiyo video. Anabeba mtungi wa njano wa lita tano, maji ya kupeleka shule, na kila asubuhi akifika katikati ya barabara anautua, anabadilisha mkono, ndipo anaendelea. Siku zote tatu. Magari yanamngoja kwa adabu. Sijui kama ni yeye aliyegongwa. Kutoka juu mtoto ni kichwa na kivuli tu, na sare ni moja. Kuuliza naogopa. Nafunga kompyuta, naenda kufua nguo, narudi naifungua tena pale pale anapoinama. Jana nilijipata nikimwambia kwa sauti, kwa Kikamba, avuke haraka. Niko peke yangu kwa nyumba, naongea na video.

Mutua anasema niache kujiumiza, kwamba hilo gari lingekuja hata kama hatungeenda. Labda. Lakini kamati inakaa Jumanne, na shule hiyo bado ni ya mwisho kwenye orodha yenye jina langu. Nikisema hesabu ya shule hii ni mbovu, lazima niseme zote ni mbovu, kwa sababu droni ni ile ile na madereva ni wale wale. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Mwalimu alipokata simu Ijumaa, kitu cha kwanza nilichofikiria ni kazi yangu. Mtoto alikuja wa pili.

Hilo ndilo linanitia aibu kuliko yote.

Leo saa nane mchana nimemwandikia bosi: orodha yote ifutwe, kosa ni langu, niliziona taa nikanyamaza. Nimetuma kabla sijaanza kuandika hapa, nisije nikabadilisha nia.

Kesho asubuhi, kabla watoto hawajafika, nitakuwa nimekaa kwenye kibanda cha chai mkabala na lile geti. Bila droni, na daftari tu, nione magari yakija vile huwa yanakuja. Kisha nitaingia ofisini kwa mwalimu mkuu nimuulize mtoto aliitwa nani, na mtungi wake ulikuwa wa rangi gani.