Moshi wa Jiko la Uji

Kibimba, 9 Julai 1995

Mwanangu Felisita,
Hujambo wewe na cherehani yako hapo Runazi? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Bado napika uji wa watoto wa wakimbizi kambini. Kuni mbichi, moshi tele, ila watoto wanashiba. Habari ya harusi yako imenifurahisha mno. Kuja sitaweza, maharage hayajavunwa. Msinisubiri.

Shangazi yako,
Verediana

Runazi, 23 Julai 1995

Shangazi, shikamoo.
Sisi wazima, hofu ni kwako. Maharage yapi? Jirani yako Ernesta alipita sokoni hapa, akasema ulishavuna. Akasema pia siku hizi unakula peke yako, na ukiongea unajifunika mdomo kwa khanga. Wewe ndiye uliyenilea tangu mama afariki. Nitaolewaje bila wewe? Niambie, kuna nini?

Binti yako,
Felisita

Kibimba, 6 Agosti 1995

Marahaba mwanangu.
Nisamehe, nilikudanganya. Fizi zimevimba, zinatoa damu, meno mawili yameng'oka. Mdomo unanuka. Sitaki wakwe zako wanione hivi siku yako. Olewa kwa amani.

Shangazi yako

Runazi, 27 Agosti 1995

Shikamoo shangazi.
Nililia, kisha nikaenda Biharamulo kumwuliza daktari wa meno. Akaniuliza, "Anavuta sigara?" Nikamjibu, "Hapana, ila anashinda kwenye moshi wa kuni." Akasema, "Uchafu wa meno ndio unaoanzisha ugonjwa, lakini nashuku moshi nao unazidhoofisha fizi. Wanawake wa jikoni nawaona wengi. Mlete." Mchumba wangu Kazimili nimemwambia yote. Papo hapo amekwenda kutia upepo baiskeli. Barua hii anakuletea mwenyewe. Usimfukuze.

Binti yako

Kibimba, 17 Septemba 1995

Mwanangu,
Nilipomwona huyo kijana mlangoni nilitaka kujificha. Akaniamkia, akaomba maji ya kunywa. Kesho yake alikuja kambini, akasaidiana na akina mama kulifungua turubai la jiko pande mbili. Sasa moshi unatoka, hata kikohozi kimepungua. Kisha akanipakia baiskeli hadi kwa daktari. Nimesafishwa, kwa maumivu, na nimeonyeshwa kupiga mswaki taratibu. Meno yaliyokwenda yamekwenda, ila damu imekoma.

Tulikula ugali naye sahani moja. Alinichekesha, nikacheka mdomo wazi, naye akaendelea kula.

Jumamosi napanda gari kuja harusini. Waambie wapishi nyama yangu wailainishe.

Shangazi yako,
Verediana